Meza ya Vilivyopotea

Kila Desemba, wiki ya mwisho kabla ya likizo,
naitoa meza stoo, naiweka mlangoni pa bwalo,
na juu yake namwaga vyote vilivyookotwa tangu Septemba:
glavu kumi na moja, zote za kushoto
(za kulia sijui huenda wapi, wala nimuulize nani),
buti moja, kifaa cha kunyooshea meno ndani ya kijisanduku cha buluu,
skafu inayonuka mbwa, kofia ya sufu iliyofumwa na bibi wa mtu,
na hakuna atakayekiri kwamba bibi huyo ni wake.
Ukiwa na miaka kumi na miwili, afadhali masikio yagande.

Mimi ni karani wa shule hii, mwaka wa kumi na tisa.
Napokea simu, nagawa plasta na barafu (barafu, Michigan, Desemba!),
na saa kumi na moja alfajiri mimi ndiye ninayeambiwa
kama mabasi yatatoka, au Ziwa Superior limetuzika tena.

Wiki hii hakuna anayesoma, tusidanganyane.
Bwana Trevarrow anafundisha sehemu kwa kukata keki.
Chumba cha muziki, klarineti nane zinatafuta noti moja
na kila moja inaipata kwa wakati wake.
Saba B wamekusanya mikebe mia mbili na sita ya msaada,
arobaini ni ya maboga: kuna kabati la mama limefagiliwa.
Leinonen mhudumu anamwaga chumvi ngazini, anarudi, anamwaga tena,
anasema baridi ya huku ni deni, ulipe leo, kesho lipo.

Na Wendell Kangas, wa hiyo hiyo Saba B,
anashuka basini na fulana ya mikono mirefu.
Nyuzijoto kumi na nane chini ya sifuri.
"Koti liko wapi?"
"Sisikii baridi."
Midomo ya zambarau inasema, sisikii baridi.
Nikamwambia apitie mezani. Alipita, kwa mbali,
kama apitaye mlango wa mtu anayemdai.
Bwalo zima lilikuwa na macho.

Alhamisi, baada ya kengele ya nne, nikakuta koti.
La kijivu, zito, zipu nzima, halijapotea hata siku moja.
Ndani ya ukosi, pale jina hushonwa, zimebaki nyuzi tatu nyekundu,
na mkasi wangu haukuwa kwenye kikombe chake.
Jioni Ione Perala alisimama foleni ya basi na sweta mbili
na koti la mvua la kaka yake, akirukaruka.
Sikuuliza. Ofisi yangu ina dirisha, haina mdomo.

Ijumaa, saa sita, koti bado lipo.
Kitu kilichowekwa wazi namna ile kina uzito wake.
Bwaloni msichana analia
kwa kuwa wiki mbili bila marafiki ni mwaka mzima;
mvulana yuko kimya
kwa kuwa wiki mbili bila chakula cha shule ni wiki mbili.

Nikamwita Wendell. "Nipelekee boksi hili kanisani, hapo ng'ambo.
Upepo mkali. Vaa hilo, usije ukaniugulia."
Hakunitazama. Akalivaa upesi, kama mtu aliyetumwa,
akavuka na glavu kumi na moja za kushoto,
Leinonen akimsimamishia magari kwa koleo.
Boksi alilifikisha. Koti sikumkumbusha.

Saa tisa mabasi yakaondoka,
shule ikabaki na harufu ya keki na soksi mbichi.
Saa kumi, simu. Mama yake Ione,
sauti ya mtu mwenye sufuria motoni:
"Samahani, koti la binti yangu, la kijivu, limeonekana hapo?"
Nikafungua daftari, nilifungulie nini sijui.
"Limeonekana, mama.
Mara ya mwisho lilikuwa linavuka barabara."

Nikamsikia akiuliza kitu, kiganja juu ya simu,
nikamsikia mtoto asiyejibu.
"Haya," akasema.
"Huku theluji imeanza. Huko je?"